Daiodi Iliyotolewa Kimya Kimya

Fundi akishafunga skrubu za chini, pedali ya gitaa inakuwa kama chumba kisicho na dirisha. Wewe unaona swichi, vitufe vya kuzungusha na kataa kekundu, basi. Ukikanyaga na sauti ikatoka, unasema imepona, unalipa, unaenda zako. Swali langu ni dogo, lakini jibu lake si jepesi: kama pedali inalia vizuri, fundi anaweza kuwa amekukosea?

Tuanze na ubovu wenyewe, maana bila kuuelewa tutabishana hewani. Pedali nyingi hutumia umeme wa volti 9, na tundu lake la adapta limepangwa kwa namna yake: katikati ni hasi, nje ni chanya. Adapta ya ruta ya WiFi kwa kawaida ni kinyume cha hapo. Shida ni kwamba plagi zinafanana na mara nyingi inaingia bila kelele.

Sasa mfikirie kijana wa Wabera, pale Isiolo mjini. (Jina ni la Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo aliyeuawa mwaka 1963, yule yule wa Wabera Street ya Nairobi.) Anapiga gitaa kanisani, na wikendi nyingine anaitwa harusini. Jumamosi alasiri haoni adapta yake, anachomoa ya ruta, anaichomeka. Kimya. Anaazima adapta sahihi kwa rafiki. Bado kimya.

Ndani yametokea haya. Aliyeunda pedali aliweka daiodi moja ndogo kwenye mlango wa umeme, kama soja wa geti. Umeme ukija upande unaotakiwa, daiodi haifanyi chochote. Ukija kinyume, inaupitisha wote kwenye mwili wake ili usifike kwa chipu na kapasita zilizo nyuma yake. Mara nyingi inakufa hapo hapo, na ikifa inabaki kama kipande cha waya kilichounganisha chanya na hasi. Ndiyo maana hata adapta sahihi haisaidii tena: umeme wote unaishia mlangoni.

Fundi mwenye mita anaweza kuligundua hili kwa dakika chache tu. Hapo ana njia tatu. Ya kwanza, atoe daiodi iliyokufa na kulehemu nyingine mahali pake. Ya pili, aitoe asiweke nyingine, lakini aseme: "Kijana, inalia, ila haina kinga tena. Ukichomeka adapta mbaya siku nyingine, utapoteza kila kitu." Ya tatu, aitoe, afunge skrubu, anyamaze.

Njia zote tatu zinatoa sauti ile ile. Daiodi hiyo haiko kwenye njia ya sauti kabisa, kwa hivyo hata mpiga gitaa mwenye masikio makali vipi hawezi kusikia kwamba haipo. Pedali itapita kila jaribio utakalolifanya pale mezani kwa fundi.

Na usidhani kinachomzuia ni gharama. Hahitaji kumtuma mtu Luthuli Avenue, Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 250. Daiodi ya 1N4007 inatosha, na imo ndani ya chaja nyingi za simu zilizokufa, zile ambazo fundi huwa na kopo zima chini ya meza. Kinachomshawishi ni saa kumi na mbili jioni, simu za watu zikiwa zimepanga foleni, na mteja anayesema, "Fundi, fanya tu ilie, niko na mia mbili."

Tumpe fundi wa njia ya tatu nafasi ajitetee, maana ana hoja. Atasema: mteja aliomba ilie, na imelia. Tena huyu kijana pengine hatarudia tena mchezo wa adapta. Pedali inaweza kuishi miaka kumi bila daiodi na asiumie mtu. Kama hakuna madhara, kosa liko wapi? Huu ni utetezi wenye nguvu. Hauondoki kwa kusema tu kwamba uaminifu ni kitu kizuri.

Jibu langu la kwanza liko kwenye lugha. Kiswahili kina neno moja, kutengeneza, kwa kuunda kitu kipya na kwa kukirudisha kilichoharibika. Sioni hilo kama umaskini wa msamiati. Anayetengeneza kwa maana ya pili anaingia katika nafasi ya aliyetengeneza kwa maana ya kwanza. Yule wa kwanza aliifikiria mapema siku utakayochomeka adapta mbaya, akakuwekea kinga ambayo hukuwa unajua ipo. Wa pili akiiondoa kimya kimya, ameifuta fikira hiyo na kuacha sauti peke yake. Ukimpelekea fundi kiatu kilichotoka kisigino, hujampa ruhusa ya kung'oa soli ya ndani ili kazi iishe haraka. "Fanya ilie" ilimaanisha ilie, na mengine yabaki kama yalivyokuwa.

Jibu la pili linahusu hatari. Ni kweli fundi hajakuunguzia kitu. Alichofanya ni kukubebesha hatari bila kukuuliza. Wengi tunamjua yule anayetoa fyuzi iliyokatika nyumbani na kuweka kipande cha waya. Taa zinawaka, friji inanguruma, kila mtu amefurahi. Huenda nyumba isiungue kamwe. Lakini wewe unalala ndani ukiamini kuna fyuzi, na unapanga maisha yako kwa imani hiyo. Ungejua, ungelala tofauti.

Hata kijana wetu, angejua, angefanya kitu. Angefunga tepu nyekundu kwenye adapta yake, angekataa kumwazima mtu pedali, au angesema, "Basi, nitangoja hadi Jumatatu, uiweke." Uwezo huo wa kujilinda ndio alionyang'anywa, na alinyang'anywa dakika ile skrubu ya mwisho ilipofungwa. Kwa hivyo hatuhitaji kungoja pedali iungue ndipo tuseme kuna kosa. Ikiungua, hiyo ni hasara. Kosa lilishatendeka zamani, na lingekuwa kosa hata kama pedali ingeishi miaka kumi.

Swali la nani anaona ni la kale sana. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, Glaucon anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete inayoweza kumfanya asionekane. Mchungaji akaitumia kumpata malkia, kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Glaucon anataka kujua kama yupo mtu ambaye angekuwa na pete hiyo mkononi na bado akatenda haki. Mimi naona pete hiyo si adimu kiasi hicho. Fundi anaivaa kila siku, kwa sababu tu mteja hajui kusoma saketi. Nawe unaivaa, kama unaandika programu za watu, unapika jikoni ambamo wateja hawaingii, au unajaza fomu za mzee asiyejua kusoma.

Mtu atasema, sawa, ni pedali moja tu. Hapo mchumi George Akerlof ana la kusema. Mwaka 1970 aliandika kuhusu soko la magari yaliyotumika: mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hakubali kulipa bei ya gari zuri, na mwenye gari zuri anajiondoa sokoni. Mwaka 2001 alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Nobel ya uchumi. Sasa weka mafundi wawili kwenye barabara moja. Mmoja anarudisha daiodi na kutoza mia tatu. Jirani yake anaitoa, ananyamaza, na kutoza mia mbili. Sauti ni ile ile. Wateja wakienda kwa wa mia mbili, yule wa mia tatu atafunga au ataiga. Mwishowe mji mzima unabaki na vifaa visivyo na kinga, na hakuna hata mmoja aliyeamua iwe hivyo.

Lakini tusimtwike fundi mzigo wote. Mteja naye hufika na maneno yake: "Ilizima tu yenyewe." Hataji adapta ya ruta, kwa aibu au kwa kuogopa bei kupanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayefichwa ndiye tabibu. Fundi akiambiwa ukweli ataanza kuchunguza mlangoni kwa umeme. Akidanganywa atahangaika na bodi nzima, kisha umlaumu kwa kuchelewa. Tena anayebishana bei hadi ibaki nusu, halafu akasimama juu ya bega la fundi akihimiza, amechangia ule ukimya kwa mkono wake.

Kuna desturi nzuri ambayo mafundi wengi wa magari wanayo: wakibadilisha kipuri, wanakurudishia kile cha zamani. Unaweza kukitupa ukifika nyumbani, si kitu. Umuhimu wake ni kwamba umeonyeshwa. Fundi wa pedali anaweza kufanya vivyo hivyo kwa mfuko mdogo wa plastiki, au kwa kipande cha tepu ndani ya kifuniko kilichoandikwa tarehe na alichobadilisha. Anayeifungua mwaka ujao, hata kama ni fundi mwingine, atajua anaanzia wapi.

Nasi wateja tunaweza kuongeza swali moja. Tumezoea kuuliza "Ni ngapi?" na "Itakuwa tayari saa ngapi?" Tuulize pia, "Fundi, umetoa nini, na umeweka nini mahali pake?" Wa njia ya kwanza na wa njia ya pili watakujibu bila shida. Wa tatu itabidi achague: aseme ukweli, au adanganye kwa mdomo wake. Na kudanganya kwa mdomo ni kugumu kuliko kunyamaza.