Mlinzi Aliyenyamaza Langoni



Nabii Ezekieli, katika sura ya 33 ya kitabu chake, anena habari za mlinzi awekwaye kuutazamia mji. Aonapo hatari inakuja, kazi yake ni moja tu, kupiga baragumu. Asipoipiga, damu ya watu hudaiwa kwake. Twadhani mfano huu wawahusu wachungaji na wazee wa kanisa. Leo nataka kuwaonyesha, kwa habari iliyotukia katika nchi ya mbali, ya kuwa wahusu kila mmoja wetu.

Sisi tukaao chini ya Kilimanjaro twaiona theluji ya Kibo, lakini walioikanyaga ni wachache. Huko Ulaya na Marekani, wakati wa baridi, theluji hufunika milima mingi, na watu huifanyia mchezo. Hufunga miguuni mbao mbili nyembamba, hupandishwa juu kwa viti vining'inizwavyo katika kamba ya chuma, kisha huteleza hata chini kwa mwendo wa kasi. Wenye mahali hapo huwatunza wageni wao. Usiku mitambo husawazisha njia, na asubuhi walinzi hulipua baruti penye miteremko ya hatari, ili theluji isiyoshikamana ianguke kabla watu hawajafika. Tena huweka kamba na alama kuonyesha mpaka.

Lakini nje ya mpaka theluji ni laini, haijakanyagwa na mtu, na wenye ujuzi huitamani sana. Mahali pengi yapo malango ya kutokea, pamoja na maandishi ya kuonya. Apitaye hapo hakatazwi, ila huenda kwa hiari yake. Na hapa ndipo ulipo mtego. Akiisha kwenda hatua kumi nje ya lango, bado husikia mtambo wa viti ukinguruma, bado huona mapaa ya nyumba alikokunywa chai. Moyo humwambia ya kuwa yumo ndani bado. Kumbe mlima haujui kamba imefungwa wapi.

Maana theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu kama mchanga mkavu, na la juu likiwa zito, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja. Hapo mteremko hupasuka kama kioo, ukashuka wote pamoja. Mara nyingi aliyeuvunja ni yeye mwenyewe aliyekufa, au mwenzake. Aliyefukiwa akichimbuliwa katika dakika 10, kwa kawaida huishi. Ikipita nusu saa, waponao ni wachache. Msaada wa mbali hauwahi. Tumaini lako ni mwenzako aliye karibu.

Basi, siku ya Jumapili, tarehe 19 Februari 2012, watu 16 walipita lango la namna hiyo huko Stevens Pass, katika jimbo la Washington, nchi ya Marekani. Hawakuwa wanagenzi. Walikuwamo mabingwa wa mchezo huo, na wenyeji walioujua mlima ule kwa miaka mingi. Walikuwa na makoleo, na vyombo vya redio vya kumtafuta aliyefukiwa. Theluji mpya nyingi ilikuwa imeanguka, na onyo la hatari lilikuwa limetangazwa. Wakaanza kushuka. Mara mteremko ukapasuka, na wanne wakachukuliwa hata bondeni. Watatu wakafa. Mwanamke mmoja akaokoka, kwa kuwa alivaa mgongoni mfuko ujazwao hewa, uliomsaidia kukaa juu ya theluji.

Lakini ndugu, jambo lililonichoma moyo si poromoko lenyewe. Gazeti la New York Times lilieleza habari hiyo mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na ikajulikana ya kuwa baadhi yao walikuwa na mashaka tangu mwanzo. Waliona kundi ni kubwa mno. Walakini hawakusema. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akawaza moyoni ya kuwa watu wengi hivi, tena wenye maarifa hivi, hawawezi kukosea wote. Hivyo kila mlinzi akamngojea mlinzi mwingine apige baragumu, na baragumu haikulia.

Siwahukumu. Nani kati yetu hajanyamaza hivyo? Tumeketi barazani tukaona hesabu ya fedha haiendi sawa, tukanyamaza, kwa kuwa mweka hazina ni mtu wa heshima. Tumemwona kijana wa ndugu yetu akianza ulevi, tukasema, baba yake yupo, atamwonya. Kunyamaza huko twakuita adabu, twakuita unyenyekevu. Mara nyingi ni hofu ya kuchekwa tu. Upendo husema langoni, kungali na nafasi ya kurudi. Tena usione ujuzi wa wenzako kuwa ngao. Wenye kujua sana ndio wapatao ujasiri wa kufika penye hatari.

Wala nawe uambiwaye neno usikasirike. Aliyekuzuia kwa maneno leo ndiye angekuchimbua kwa mikono kesho.

Na kama umekwisha kutoka nje ya kamba, ukafukiwa na deni, au na dhambi, au na aibu, usidhani umeachwa. Bwana wetu hakusimama ndani ya mpaka akatuita kwa mbali. Alitoka nje ya lango, akashuka hata mahali tulipolala, akatuchimbua kwa mikono iliyotobolewa. Aliyechimbuliwa hivyo, atawezaje kumnyamazia ndugu yake? Amina.