Mizani Moja: Mwanamke katika Dini ya Makalasinga, na Mwanamke Kwetu

Kijana mmoja wa Kawangware, miongoni mwa wanaohudhuria darsa yetu, alitujia na suala lililomkera. Kazini kwake aliambiwa kwamba dini ya Makalasinga imemsawazisha mwanamke na mwanamume tangu kiasi cha miaka mia tano, na kwamba Uislamu umempa mwanamke nusu. Yeye akajibu kwa kutaja mabaya aliyoyasikia ya Makalasinga na binti zao; mwenzake naye akataja mabaya ya Waislamu wa Kibera na binti zao; wakaachana kila mmoja akijiona ameshinda. Akatuuliza: je, nimejibu sawa?

Twamwambia kwamba hakujibu. Alichokifanya ni kupima dini ya mwenzake kwa matendo ya watu wake, na alipopimiwa yake kwa kipimo kile kile akakasirika, akasema Uislamu hauhukumiwi kwa Waislamu. Basi na ahukumu hivyo kwa wote. Mwenyezi Mungu amewaonya katika Suratul-Mutaffifin wale wajipimiao kamili na kuwapunjia wengine. Wengi wetu twadhani onyo hilo ni la wenye maduka peke yao. Tena katika Suratul-Maida, aya ya 8, tumekatazwa tusiache chuki ya watu itutoe katika uadilifu. Wala Makalasinga hawajatufanyia sisi wa pwani jambo la kuwachukia. Mafundi wao walishika nyundo na randa katika kazi ya reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Na abiria wangapi wa Mombasa wamepumzika katika hekalu lao la Makindu, lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli, wakala bila ya kuulizwa dini wala senti moja? Chakula hicho hakina nyama, kwa hiyo hata suala la kuchinja halizuki.

Na tuanze kwa mafunzo yao, kwani ndiyo haki ya kila dini kuulizwa kwanza inasema nini.

Guru Nanak, mwanzilishi wao, alizaliwa Punjab mwaka 1469 akafa mwaka 1539. Katika maneno yake yaliyomo ndani ya kitabu chao, Guru Granth Sahib, yumo mwanamke akitetewa kwa hoja iliyo nyepesi kufahamika: mtu hutungwa katika tumbo la mwanamke, huzaliwa naye, huoa kwake, na wafalme wenyewe wametoka kwake, basi vipi aitwe duni? Guru wa tatu, Amar Das, alikataza mjane kuchomwa moto pamoja na maiti ya mumewe, na aliwatuma wanawake pia kufundisha dini. Alikataa vile vile wanawake kujifunika nyuso katika mkutano wa ibada, na hapa msomaji wetu wa Lamu atasita. Asite, lakini asiifunge gazeti: sisi tuna sharia yetu katika jambo la stara, wala hatukuja kuazima ya mtu, twaeleza tu mwenzetu anaamini nini. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh alipoweka jamaa ya Khalsa, wanaume walipewa jina la Singh, yaani simba, na wanawake jina la Kaur, ambalo wenyewe hulifasiri kuwa binti mfalme, ili pasiwe na mtu wa kujulikana tabaka lake kwa jina lake. Na katika mwaka 1705 mwanamke aitwaye Mai Bhago aliwarudisha vitani wanaume arubaini waliokuwa wamemwacha Guru wao, akapigana pamoja nao huko Muktsar. Kanuni za mwenendo wao zilizopitishwa mwaka 1945 zakataza kuua watoto wa kike, na zakataza kuoza mtoto kwa kutaka mali.

Twasema bila ya kigugumizi kwamba haya ni maneno mema. Mtu asiogope kwamba akikiri wema wa mwenzake imani yake itapungua. Imani inayopungua kwa kusema kweli ilikuwa na ila tangu mwanzo.

Sasa twende kwenye matendo. Maguru wote kumi walikuwa wanaume, na wale watano wa kwanza wa Khalsa walikuwa wanaume. Katika hekalu lao kuu la Amritsar mwanamke huingia na huabudu, lakini kuimba nyimbo za ibada mle ndani kumeshikwa na wanaume, hata katika mwezi wa Novemba 2019 baraza la kutunga sharia la Punjab lilipitisha azimio la kuwaomba wakuu wa dini wawaruhusu wanawake waimbe. Fikiri: dini ambayo mwanzilishi wake amesema hayo tuliyoyataja, na baada ya karne tano watu wangali wanaomba ruhusa! Halmashauri inayosimamia mahekalu ya Punjab iliundwa mwaka 1920. Mwanamke wa kwanza kuwa rais wake, Bibi Jagir Kaur, alichaguliwa mwaka 1999.

Na lililo zito zaidi ni la watoto. Katika hisabu ya watu ya India ya mwaka 2001, Punjab, nchi yenye Masikh wengi kuliko dini nyingine yoyote, ilionekana na watoto wa kike 798 tu kwa kila watoto wa kiume 1,000 wa chini ya miaka saba. Wengine walikwenda wapi? Mashine ya kutazama tumbo ilipopatikana, watu walitazama, na aliyeonekana kuwa msichana akatolewa kabla ya kuzaliwa. Serikali ya India ilikuwa imekwisha kukataza kwa sharia tangu mwaka 1994, na wakuu wa dini wakakataza tena kwa amri yao mwaka 2001. Hisabu ya mwaka 2011 ilionyesha 846. Kumekuwa na nafuu, lakini si uponyaji. Sababu zake si siri: mahari ambayo kwao hutolewa na upande wa mke, shamba ambalo baba hataki ligawanyike liende kwa wakwe, na heshima ya ukoo inayotundikwa shingoni mwa binti. Kitabu kilikuwa kimefunguliwa hekaluni asubuhi na jioni, na mambo haya yakitendeka nyumbani.

Hapa huenda msomaji akatabasamu akasema, tumewashinda. La, ndugu, usitabasamu. Sisi tumesomewa katika Suratut-Takwir kwamba msichana aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa, na twajisifu kwamba Uislamu uliwatoa mabinti makaburini. Tukisifu hivyo, itupase kuuliza: waliotolewa makaburini wakapelekwa wapi?

Twende Kibera. Mji huo, ambao Wanubi wenyewe huuita Kibra, walikaa wazee wa Kiislamu waliokuwa askari wa Kingereza, na mwaka 1918 ulitangazwa kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Jamaa hao walidai haki ya ardhi yao muda wa miaka mia, wakiambiwa kwamba wao ni wapangaji kwa fadhila tu, mpaka mwaka 2017 walipopewa hati ya ekari 288. Nani asiyewahurumia? Tumewasikia wakieleza uchungu wa mtu kukaa mahali alipozaliwa na kuambiwa hapa si pako. Lakini maneno hayo hayo, herufi kwa herufi, dada huambiwa na ndugu zake wa kiume baba yao akiisha kuzikwa. Huambiwa: wewe una mume, nenda kwa mumeo, vyumba hivi ni vya wanaume. Au huambiwa: vyumba hivi havina hati, kwa hiyo si mirathi. Ajabu! Havina hati siku ya kugawanya, na mwisho wa mwezi vina kodi.

Sharia ya mirathi kwetu haikuachiwa majlisi ya wazee. Aya ya 7 ya Suratun-Nisaa imempa mwanamke fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi, na ikalifanya kuwa fardhi. Nchi ya Kenya nayo haikutuzuia: tangu mwaka 1990 Waislamu wametolewa katika Sharia ya Urithi ya serikali ili warithiane kwa dini yao, na Katiba ya mwaka 2010 imeziweka Mahakama za Kadhi katika kifungu cha 170. Tuliyadai hayo kwa sauti kubwa. Wanaume waliosimama mimbarini kutetea Kadhi wasiguswe, wangapi kati yao wamewaambia dada zao, twendeni kwa Kadhi?

Tumefika kwenye ile nusu, nayo ndiyo hoja ya yule mwenzake kijana. Jawabu yetu ya siku zote ni kwamba mwanamume amepewa mafungu mawili kwa sababu amebebeshwa nafaka: ya mke, ya watoto, ya wazazi wasiojiweza, na ya dada asiye na mtunzaji, na la mwanamke ni lake peke yake, halina mzigo juu yake. Jawabu hii ni sahihi, na twaisimamia. Lakini jawabu hii ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Mwanamume achukuaye mafungu mawili akaacha mzigo, au achukuaye yote matatu, hana haki ya kuitumia hoja hii mbele ya Msikh wala mbele ya mtu yeyote. Huyo haitetei dini, bali ajificha nyuma yake, na anayemsikiza atadhani alichokiona ndicho Uislamu.

Jambo la msikiti ni mfano wa pili, nasi tutalipita kwa ufupi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza wanawake kuzuiwa misikitini. Muslim amepokea pia kwamba mtoto wa Ibn Umar aliposema, sisi tutawazuia, baba yake alimkaripia ukali ambao haujasikiwa mfano wake. Misikiti yetu mingi ya kale ya pwani haikujengewa mahali pa wanawake. Wenye kupinga hutaja neno la Bibi Aisha kuhusu mambo yaliyozushwa na wanawake baada ya Mtume, nalo ni neno sahihi; lakini Bibi Aisha hakufunga mlango wa msikiti wowote.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya pande zote mbili hutupeleka kwake, na hatukuliona likisemwa. Kila siku alfajiri wanawake hutoka Kawangware kwa miguu kwenda Lavington na Kileleshwa, na wa Kibera huenda upande wao, wakitafuta nyumba za kufua nguo kwa siku. Nyumba wanazofua ni za dini zote: za Wakristo, za Wahindi, za Makalasinga, na nyingi ni zetu sisi Waislamu. Bibi wa nyumba hupata nafasi ya kusoma, ya biashara, ya kuhudhuria mkutano wa haki za wanawake, kwa kuwa mwanamke mwingine ameinama juu ya beseni lake. Mtu akiwauliza hawa dini ipi imemsawazisha mwanamke, hawatafungua kitabu. Watakumbuka ni nyumba gani iliwalipa magharibi kama ilivyoahidi asubuhi, na ni ipi iliyokata fedha kwa sababu ya shati lililochujuka. Ni wapi walikula katika sahani za watu, na ni wapi walitengewa bakuli nje karibu na bomba. Masikh hukaa chini msitari mmoja katika chakula cha hekalu, tajiri na maskini, ili ukubwa uvunjike. Sisi twasimama safu moja katika Sala, bega kwa bega. Baada ya kutoka hekaluni na msikitini, beseni lingali pale pale. Mtume ameamrisha mfanya kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mfuaji wa Kawangware jasho lake hukauka njiani, akirudi na ahadi ya kesho.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake Al-Islah lililotoka Mombasa mwaka 1932, aliwalaumu Waislamu kabla ya kuwalaumu wengine, na alihimiza watoto wa kike wasomeshwe wakati ambao wengi waliona ni fedheha. Hakuona kwamba kukiri ugonjwa wa jamaa ni kuitukana dini. Sisi twafuata njia hiyo.

Kwa hiyo kijana wetu akirudi kazini, amwambie mwenzake kwamba mafunzo ya Guru Nanak juu ya mwanamke ni mazuri, na kwamba watu wake wengi hawakuyafuata. Na amwambie tena kwamba Mwenyezi Mungu amempa mwanamke wa Kiislamu fungu lake, na watu wake wengi wamemnyang'anya. Kisha amweleze ile nusu na mzigo wake. Lakini kabla hajakwenda, twamuuliza yeye mwenyewe: dada yako, kutoka vyumba vya marehemu baba yenu, amepata vingapi?

Na kwa wale waliotuandikia kwamba hisabu ni ngumu, hii hapa. Mtu amekufa Kibera ameacha mke, watoto wawili wa kiume, watatu wa kike, na vyumba 24 vya thamani moja. Hana wazazi walio hai, na deni na wasia vimekwisha kutolewa. Mke ana thumuni, vyumba 3. Vimebaki 21, navyo ni mafungu saba: kila mwanamume ana mafungu mawili, vyumba 6, kila mwanamke fungu moja, vyumba 3. Jumla ni 24. Darsa ya mirathi itaendelea Jumamosi baada ya Sala ya Alasiri, na kina mama wametengewa nafasi chumba cha mbele. Mwenye orodha ya vyumba vya marehemu wake na aje nayo.