Nani Analipeleka Jiwe Likishatoka Mkononi?

Jiwe likirushwa huendelea kwenda hata baada ya kuachana na mkono uliolirusha. Kila mtoto amelifanya jambo hili bila kuliwazia, lakini kwa takriban miaka 2,000 liliwakosesha usingizi wanafalsafa na wanateolojia. Mkono haulisukumi tena. Kinacholipeleka ni nini?

Aristotle, aliyefundisha Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kila kinachokwenda kinaendeshwa na kitu kingine. Maisha ya kila siku yanamuunga mkono: mkokoteni usiposukumwa husimama, na ng'ombe wakigoma plau haisogei. Kuhusu jiwe alijibu kuwa ni hewa iliyo karibu nalo, ambayo mkono umeipa uwezo wa kuendelea kusukuma. Jibu hilo lilikuwa dhaifu, lakini kanuni yenyewe ilizaa hoja nzito. Ikiwa kila kinachokwenda kina mwendeshaji, na mwendeshaji huyo ana wake, mlolongo hauwezi kurudi nyuma bila kikomo. Lazima awepo Mwendeshaji wa kwanza asiyeendeshwa na yeyote. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas, mtawa wa Kidominika, aliiweka hoja hiyo mwanzoni mwa njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo.

Kisha Isaac Newton akachapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687. Ya kwanza inasema kwamba kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, isipokuwa kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Kwa hiyo kani haitakiwi ili kitu kiendelee kwenda. Inatakiwa ili mwendo ubadilike: uongezeke, upungue au ukate kona. Mkokoteni husimama kwa sababu msuguano ni kani inayoupinga. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Marekani mwaka 1977, hakina injini inayokisukuma, lakini kinazidi kutokomea kwa kasi ya kilomita 17 hivi kila sekunde, kikiwa zaidi ya kilomita bilioni 20 kutoka duniani.

Basi kama mwendo hauhitaji mwendeshaji, yule Mwendeshaji wa kwanza amebaki na kazi gani? Swali hili limejibiwa kwa pupa na pande zote mbili. Wapo wanaosema fizikia imeifuta hoja ya kale kwa sentensi moja, na wapo waumini wanaolikwepa kana kwamba darasa la sayansi na nyumba ya ibada havijuani.

Ukweli ni kwamba miongoni mwa waliomkosoa Aristotle kabla ya Newton walikuwamo watu wa dini. John Philoponus, Mkristo wa Alexandria katika karne ya 6, alikana kabisa kwamba hewa hulibeba jiwe: hata hewa ikisukumwa kwa nguvu nyingi nyuma yake, jiwe haliruki. Akasema mrushaji hutia uwezo ndani ya jiwe lenyewe. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwenda mbali zaidi. Alisema kitu kilichorushwa hupata mwelekeo ndani yake, na kama kingekuwa mahali patupu pasipo na kizuizi, mwelekeo huo usingekwisha. Karne tatu baadaye Jean Buridan wa Paris alidokeza kuwa huenda Mungu alizipa sayari msukumo siku ya uumbaji, na kwa kuwa huko juu hakuna kinachozuia, hapana haja ya malaika wa kuzisukuma kila siku. Akaongeza kwa heshima kwamba uamuzi anawaachia wanateolojia.

Mawazo ya mabingwa hao hayajafa. Mwaka 1982 mtafiti John Clement wa Marekani alichapisha matokeo ya swali rahisi waliloulizwa wanafunzi wa chuo: sarafu imerushwa juu na bado inapanda, je, inapata kani zipi? Ukiacha hewa kando, ni uzito wake tu, unaoivuta chini. Wengi walichora mshale mwingine unaoelekea juu, kani ya mkono ambao ulikwisha kuiachia sarafu. Bila kujua, walisimama pale aliposimama Philoponus. Mwalimu anayewacheka wanafunzi wa namna hiyo hajauona ugumu wa jambo lenyewe. Jicho huona mwendo, akili hudai mwenye kuutenda, na kanuni ya kwanza ya Newton inaitaka akili iache dai hilo.

Lakini inaiacha na nini? Galileo alikuwa ameligusa hilo mwaka 1632, alipomwalika msomaji ajifungie chumbani ndani ya meli. Meli ikienda sawasawa, bila kuyumba na bila kubadili kasi, matone ya maji huanguka wima na samaki ndani ya bakuli huogelea kama kawaida. Hakuna jaribio litakalofanywa humo ndani likamwambia msafiri kama anakwenda au ametia nanga. Kutulia na kwenda sawasawa ni hali za daraja moja. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, na wenye pupa hupapita. Kama jiwe linalokwenda halihitaji wa kuliendesha, hiyo ni kwa sababu hali yake haitofautiani kimsingi na ya jiwe lililolala. Anayetaka kuuliza nani analishikilia jiwe linaloruka, sasa hana budi kuuliza hivyohivyo kuhusu jiwe lililo chini ya mwembe.

Imam Ghazali (1058–1111), ambaye vitabu vyake vingali vinasomwa katika darsa za pwani ya Afrika Mashariki, alikuwa tayari kwa swali hilo. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa alitoa mfano wa pamba na moto: moto hauiunguzi pamba kwa ulazima wake wenyewe. Mungu ndiye anayeumba kuungua pale vinapokutana, na watu huona mazoea tu. Anayeamini hivyo hapokonywi chochote na Newton, maana jiwe huhitaji kuhifadhiwa kila lahadha, liwe limelala au linaruka. Aquinas naye, alipozungumzia mwendo, alikusudia badiliko la kila aina, hata kuni inayopata moto. Hoja yake inajeruhiwa na kanuni ya kwanza, lakini haifi kwa pigo hilo moja.

Aliyejiweka pabaya zaidi ni Newton mwenyewe. Aliona kwamba sayari huvutana na kuvurugana njia, akadhani Mungu atalazimika kuzirekebisha mara kwa mara. Mwaka 1715 mwanafalsafa Leibniz alimshambulia: Mungu wa namna hiyo ni fundi saa asiyeijua kazi yake. Leibniz alikuwa na haki. Mwanahisabati Laplace alipoeleza kihesabu yale yaliyoonekana kuwa kupotoka njia kwa sayari za Mshtarii na Zohali, mahali Newton alipomwekea Mungu pakajazwa na hesabu.

René Descartes alikuwa ametafuta msingi mwingine mwaka 1644. Alisema kiasi cha mwendo ulimwenguni hakipungui wala hakiongezeki kwa kuwa Mungu habadiliki. Hesabu yake ilikuwa na kosa, kwani hakuuzingatia mwelekeo, lakini alikuwa akitafuta kisichobadilika nyuma ya kisichopotea. Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahisabati wa Göttingen, alithibitisha uhusiano wa aina hiyo bila kumtaja Mungu. Kutokana na kazi yake, kiasi cha mwendo hakipotei kwa sababu kanuni za maumbile ni zilezile kila mahali. Ukihamisha jaribio zima kutoka hapa hadi kule, matokeo hayabadiliki. Kwa nini maumbile yawe yaleyale hapa na kule, hesabu ya Noether haisemi, kwa kuwa inaanzia hapo. Mtu anayeuliza leo swali la Aristotle anapaswa kuliulizia hapo, si nyuma ya jiwe.