Mtu na Daftari la Nafsi Yake

Mtu akiulizwa khabari za jirani yake hujibu upesi: fulani ni bakhili, fulani ni mvivu, fulani ana hasira. Lakini akiulizwa nafsi yake i katika hali gani, hukosa la kusema, au husema lisilokuwa. Na hili ni jambo la ajabu, kwani jirani humwona saa moja kwa siku, na nafsi yake hulala nayo na kuamka nayo.

Katika kuijua nafsi watu hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kujiona: mtu huhesabu sala zake na sadaka zake, wala hahesabu ulimi wake. Ya pili ni kujidharau: mtu husema, "Mimi ndivyo nilivyo, hasira hii nimeirithi kwa baba, na uvivu huu hauna dawa," na watu wakamdhania kuwa ni mnyenyekevu. Walakini huo si unyenyekevu. Mwenye kujiona hatendi kwa kuwa adhani amekwisha fika, na mwenye kujidharau hatendi kwa kuwa adhani hatafika kabisa. Wote wawili wamekaa kitako pahala pamoja.

Mfano wao ni wenye maduka wawili wasiofungua daftari. Mmoja halifungui kwa kuwa ana yakini ya faida, na wa pili halifungui kwa khofu ya kuiona khasara. Siku ya kufilisika wote huwa sawa.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058 na kufa huko mwaka 1111, ameeleza jambo hili katika Ihya Ulumid-Din, akaiweka nafsi mahala pa mshirika wa biashara: kwanza hupewa sharuti, kisha hulindwa kazini, na mwisho huhesabiwa. Faradhi ni rasilmali, sunna ni faida, na maasi ni khasara. Nae hakuandika hayo kwa kusikia. Mwaka 1091 alikuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, mbele yake wanafunzi 300, na jina lake limeenea. Mwaka 1095 akaitazama nia yake katika kusomesha, akaona kuwa ni kutaka cheo na sifa. Akakaa karibu miezi sita, leo akiazimia kuondoka, kesho azma ikivunjika, hata ulimi wake ukafunga asiweze kusomesha, na chakula kikamshinda. Ndipo alipogawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akashika njia ya Sham.

Mwaka 1106 alirudi kusomesha, katika mji wa Nishapur. Basi amebadili nini, ikiwa kazi ni ile ile? Jawabu ni kuwa kazi ni moja, na nia ni mbili: kwanza aliwafundisha watu elimu ya kupatia cheo, na baadae aliwafundisha elimu ya kukiacha. Kwa hivyo mwenye kutaka kuitengeneza nafsi yake si lazima ahame mji wala abadili kilemba. Yampasa kwanza ajiulize alitendalo alitenda kwa ajili ya nani.

Huenda mtu akasema: mwenye kujihesabu kila siku ataziona aibu zake zilivyo nyingi, hata akate tamaa. Sivyo. Mwenyezi Mungu ameiapia nafsi yenye kulaumu katika Sura ya Al-Qiyama, na kiapiwacho hakiwi kitu duni. Tena mwenye kujilaumu amekiri kuwa aliweza kutenda jingine, kwani hapana mtu alaumuye jiwe. Ama mwenye kukata tamaa ndie aliyejifanya jiwe.

Njia yake ni nyepesi kuisema na nzito kuifuata. Baada ya sala ya Isha, kabla ya kulala, mtu akae peke yake, aichukue tabia moja tu wala si kumi, aulize: leo nimefanya nini, kwa nini, na kesho nitafanya nini. Wala asijipime kwa jirani, kwani daftari la mwenziwe hakulisoma. Ajipime kwa jana yake.

Na mwenye duka aliyemtukana kijana wake mchana mbele ya wanunuzi, akaliona hilo usiku katika hisabu yake, asidhani kuwa rakaa nyingi zitamtosha. Haki ya mja hutaka radhi ya mja. Asubuhi amwendee yule kijana, amwombe radhi mbele ya watu wale wale ikiwezekana. Kufunga siku tatu ni kwepesi kuliko maneno hayo mawili; na kwa sababu ya uzito wake ndipo mtu hujua kuwa kweli amelifungua daftari.

Wallahu aalam.