Anayebanwa ni Nani?

Katika soko la Zombe, mashariki mwa mji wa Kitui, kompyuta ya mezani ya saiba si chombo cha mtu mmoja, hata kama aliyeinunua ni mmoja. Mkulima wa ndengu anakuja kutafuta PIN ya kodi ya KRA. Binti aliyemaliza kidato cha nne anachagulia hapo kozi zake za chuo kwenye KUCCPS. Mzee anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu kwenye eCitizen, na mwalimu analeta mtihani wa kuchapwa. Huduma za serikali zilipohamia mtandaoni, foleni iliyokuwa nje ya ofisi za mjini nayo ilihama, ikaja kukaa kwenye benchi la saiba.

Ndiyo maana mashine kama hiyo inapochoka, na mwenyewe akakaa kupiga hesabu za kuijenga upya kwa pesa kidogo, kuna swali ambalo halimo kwenye orodha yoyote ya bei: katika kubana matumizi huku, anayebanwa ni nani?

Tuseme mfukoni kuna shilingi 15,000. Ni pesa ya mbuzi wawili hivi, na katika nchi kavu kama hii mbuzi ndiye akiba. Kishawishi cha kwanza ni kununua jina. "Hii ni i ngapi?" ndilo swali la kila mnunuzi, na wauzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi wanajua kwamba jibu la "i7" hupandisha bei kabla mtu hajauliza ni i7 ya mwaka gani. Core i7 ya kizazi cha 2 ilitoka mwaka 2011. Core i3 ya kizazi cha 8, yenye jina la unyonge, huipita katika kazi nyingi za ofisini na inakula umeme kidogo zaidi. Stika iliyobandikwa mbele ya kasha haisemi hayo.

Na hata hivyo, kwa saiba, prosesa mara nyingi haina kosa lolote. Kinachofanya Windows ichukue dakika kadhaa kuamka ni diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono unaorukaruka kutafuta vipande vidogo vya faili. Ukiiondoa ukaweka SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, mashine ya mwaka 2013 inaamka kama imezaliwa juzi. Ukiongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, mteja hataona tofauti kubwa kati yake na mashine ya bei mara tatu. Ila uhakikishe unanunua RAM ya aina yake. DDR3 na DDR4 zinafanana mpaka uzishike mkononi na kuangalia ule mkato mdogo ukingoni mwa meno ya shaba: kila mmoja una mahali pake, na anayelazimisha huvunja tundu la bodi kuu.

Hapo kwenye RAM dunia imeingia Zombe bila kubisha hodi. Mwishoni mwa 2025 bei ya RAM ilipanda kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya data vya akili unde; Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida kama mimi na wewe. Kijana wa saiba hajawahi kuviona vituo hivyo, lakini anapigania chipu zilezile navyo. Kwa hiyo RAM iliyong'olewa kwenye mashine iliyokufa, ikasafishwa meno kwa kifutio cha penseli, imekuwa mali ya kutunzwa kwenye droo.

Sasa nije kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma linalogawa umeme ndani ya kasha, maana hapa ndipo watu wengi hubana pasipofaa. Kompyuta nyingi za mezani zinazotufikia ni za "ex-UK", zilizotumika maofisini huko zikaletwa huku: Dell OptiPlex, HP, Lenovo ThinkCentre. Boksi lake la asili linaweza kuandikwa wati 255 au 290 tu, na mtu akilinganisha na jipya la bei ya chini lililoandikwa 500 anadhani amepata bahati. Libebe. Likiwa jepesi kama debe tupu, ujue kilichopungua ni shaba na vipoza joto, na kile kilichoandikwa ni matumaini ya aliyelichapa. Tena OptiPlex za tangu 2013 hivi zina plagi yao wenyewe ya pini 8 kwenye bodi kuu, kwa hiyo boksi la kawaida la dukani halitaingia bila waya wa kugeuzia. Hilo hugunduliwa parseli ikishafika, na kuirudisha Nairobi ni nauli nyingine.

Stima ya vijijini nayo ina tabia zake. Hupotea, kisha hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua. Fungua kasha la mashine iliyokufa hivyo: chini ya vumbi jekundu lililolala kama zulia utaona kapasita mbili tatu zimevimba vichwa, na moja imetoa utomvu wa kahawia. Fundi hahitaji kipimo.

Mazungumzo yanayofuata yanajulikana.

"Kijana, ile barua yangu ya TSC iko wapi?"

"Pole, mwalimu. Stima ilipotea kabla sijasevu."

Mwalimu anarudi nyumbani kwa boda aliyoilipia, atarudi kesho kwa nyingine. Aliyeokoa shilingi elfu moja au mbili kwa kutonunua boksi la maana, au UPS ndogo ya kushikilia stima, iliyotumika lakini yenye betri mpya, ameziokoa kutoka mfuko wa mwalimu. Wakamba wanaochimba matuta ya mashamba kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, wanalielewa jambo hili vizuri: tuta la juu likichimbwa kivivu, mafuriko hayamwadhibu mwenye tuta peke yake, yanashuka kwa jirani wa chini.

Sidai kwamba kubana ni vibaya. Bana kwenye kasha: likiwa limekwaruzwa, hata jipya nalo litakwaruzika. Bana kwenye monita, bana kwenye kibodi iliyofutika herufi A, achana kabisa na kadi ya grafiki. Hayo yote humgusa mwenye saiba mwenyewe, na ni haki yake kuvumilia. Mimi ningeangalia hata mashine zile ndogo kama kitabu kinene, ambazo hutumia adapta ya wati 65 kama ya laptopu. Zinavumilia sola, na RAM yake ni ya laptopu, kwa hiyo ya laptopu iliyovunjika skrini inaweza kuzifaa.

Ila diski kuu iliyotumika, hapana. Angalau usiinunue bila kusoma historia yake. Kuna programu za bure, CrystalDiskInfo ni mojawapo, zinazoonyesha diski imewaka kwa saa ngapi na sekta ngapi zimeshaharibika. Diski yenye saa 30,000 imefanya kazi zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana. Itaweza kuendelea, na itaweza kufa Ijumaa, siku moja kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Diski ina upande mwingine unaonisumbua zaidi. Angalia skrini ya saiba yoyote: "ID mbele", "ID nyuma", "CV mpya", "CV mpya ya mwisho", cheti cha KCSE cha mtu aliyeondoka mwaka juzi. Kufuta faili hakuiondoi. Huondoa tu anwani yake, na mwenye programu ya kurejesha ataipata. Kwa hiyo mwenye saiba anapobadilisha diski na kuiuza ile kuukuu ili apate mia chache za kuongezea kwenye SSD, anauza vitambulisho vya jirani zake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haiko kwenye meza ya fundi jioni hiyo. Walioko ni yeye, bisibisi na mia chache.

Suala la Windows linafuata njia hiyohiyo. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 8. Mashine ambayo haijapoteza hata skrubu moja ikatangazwa marehemu na watu walio mbali. Ninalichukia tangazo hilo, kusema kweli. Anayepaswa kusema kitu kimekwisha ni yule anayekitumia. Lakini hasira isitupeleke kwenye Windows ya kukraki, maana programu zile za kuifungua bila leseni huweza kuja na mgeni anayenakili kila kinachoandikwa kwenye kibodi, na anayeandika nenosiri lake la eCitizen pale si mwenye saiba. Afadhali Linux Mint, isiyolipiwa, kwenye mashine za kuingia mtandaoni tu. Ni kweli LibreOffice wakati mwingine huvuruga mistari ya CV iliyoandikwa kwenye Word, na mteja atanung'unika. Basi mashine moja yenye prosesa mpya zaidi ibaki na Windows yenye leseni kwa kazi hizo.

Nikigawa zile 15,000, kwa mashine iliyopo tayari yenye bodi kuu nzima, ningeanza na SSD mpya, kisha RAM, kisha UPS, kisha betri ndogo ya CR2032 ya bei ya soda, inayoizuia saa isirudi nyuma miaka na kufanya tovuti za serikali zikatae kufunguka. Kitakachobaki kiwekwe. Diski ya zamani isafishwe kwa programu ya kuandika juu yake yote, au itobolewe kwa drili mbele ya macho yako. Isitupwe nyuma ya duka, ambako watoto huchoma nyaya kutafuta shaba na moshi wake ukaingia majikoni. WEEE Centre ya Nairobi hupokea vifaa vya namna hiyo, na gari linaloleta parseli Zombe halirudi likiwa limejaa.