Bure, lakini siyo bure



Leo tutafakari neno moja tu: bure. Unaweza kupewa kitu bure, yaani bila kulipa. Unaweza pia kuhangaika bure, yaani usipate chochote. Halafu kuna lile linaloumiza: "Huyu bure kabisa!" Hapa Mlali kijana amemaliza kidato cha nne, ajira hakuna, anapakia matenga ya nyanya kwenye magari ya mjini. Akikosa kazi siku mbili, tayari jina analo. Likirudiwa sana, hata yeye mwenyewe analiamini.

Kwenye falsafa tulijifunza kwamba kifaa kinapimwa kwa kazi yake. Kisu kisichokata hakifai. Sawa, lakini wewe siyo kisu! Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba vitu vina bei, ila binadamu ana hadhi isiyo na bei. Mtume Paulo anakwenda mbali zaidi: tumehesabiwa haki bure, kwa neema (Rm 3:24). Mungu hakusubiri upate kazi ndipo akupende.

Ila Paulo huyohuyo anawasihi Wakorintho wasiipokee neema hiyo bure (2Kor 6:1). Hapo maana imegeuka.

Wengine tunalalamika: "Misa naenda kila Jumapili, mbona sibadiliki? Labda sakramenti hazifanyi kazi." Zinafanya. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1547 kwamba sakramenti zinampa neema yule asiyeweka kizuizi. Kristo anatenda hata kama padre ni mdhambi. Lakini Katekisimu, namba 1128, inakumbusha kwamba matunda yake yanategemea pia moyo wa anayepokea.

Tazama milima yetu. Maji ya Uluguru yanashuka bila bili. Ila mfereji ukiziba majani, bustani inakauka huku mto unapita pembeni. Kosa siyo la mto.

Basi wiki hii zibua mfereji mmoja: kinyongo ulichokificha, kitubio unachokiahirisha tangu Pasaka, simu inayokula muda wa sala. Na ukisikia mtu anaitwa "bure kabisa", usicheke na wenzako. Huyo Kristo alimfia, na Kristo hakufa bure.

Mama Maria, utuombee. Tafakari njema!