Kiapo cha Usiku na Mlinzi wa Mchana

Mwaka 1981 na 1982, katika vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega, wanaume wa Kisukuma na Kinyamwezi walianza kukutana porini kwa siri. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na baadhi ya silaha zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo. Ng'ombe waliibwa kwa mtutu wa bunduki. Polisi walikuwa mbali, na wananchi walilalamika kwamba mwizi aliyekamatwa leo huonekana mnadani kesho. Hapo ndipo lilipozaliwa jeshi la jadi la Sungusungu, lililopewa jina la wale wadudu weusi waumao. Mmoja wao si kitu, lakini wakiwa wengi hata nyoka huwapisha.

Kila kijiji kiliweka mtemi wake wa Sungusungu, cheo cha machifu ambao serikali ilikuwa imewaondoa baada ya uhuru. Chini yake walikuwapo makamanda na katibu. Silaha zao zilikuwa upinde, mishale na filimbi. Yowe likipigwa, kila mwanaume alitoka, na nyayo za ng'ombe zilifuatwa kijiji hadi kijiji. Aliyekaidi alitozwa faini au alitengwa, asisalimiwe wala asisaidiwe na mtu. Na ndani ya jeshi hilo palikuwa na dawa za kujikinga, kiapo, na baraza la wachache ambalo mashauri yake hayakutoka nje.

Jeshi hilo lilikua upesi, kwa sababu wizi ulipungua. Lilienea Shinyanga, Tabora, Mwanza na mikoa ya jirani. Mwalimu Nyerere hakulipiga marufuku, bali alilitetea, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili walinzi hao watambulike. Miaka ya 1990 ilipoanza, neno sungusungu lilikuwa limefika hata mijini kwa maana ya wananchi wanaolinda mtaa usiku.

Lakini habari hiyo ina upande mwingine. Katika miaka ile ya mwanzo, mahali pengine walioandamwa si wezi tu. Wanawake wazee walituhumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao, na wengine wakauawa. Mwizi wa ng'ombe huacha nyayo, lakini mama mzee aliyetuhumiwa gizani hakuwa na njia ya kujitetea.

Ndugu msomaji, naandika haya kwetu Daudi kwa sababu sisi nasi tunafuga, na tunajua uchungu wa kuamka alfajiri na kukuta zizi tupu. Kijana mmoja aliniuliza baada ya kipindi cha Biblia: "Mchungaji, wakiniita kulinda, nikaambiwa niape kutomwambia hata mke wangu, nikubali?" Swali hilo halijibiwi kwa neno moja.

Kwanza, kulinda ni kazi njema. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kizima kumjibu askari aliyetaka kujua kama watu wa kazi yake nao waweza kuokolewa. Jibu lake lilikuwa kwamba upanga unaomlinda jirani ni utumishi wa upendo, ingawa kwa nje hauonekani hivyo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linakubali Mkristo kushika kazi za serikali na hata kuapa pale mamlaka inapodai kiapo. Tazama pia Nehemia sura ya 4: nusu ya watu walijenga ukuta, nusu walishika mikuki, na tarumbeta ilikuwa tayari kuwakusanya. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Mkristo hulala na kuomba tu huku mifugo ya mjane ikiswagwa.

Pili, tuitazame hiyo siri. Wengine watasema: "Tukitangaza mipango yetu, mwizi atasikia, maana mwizi ana ndugu kijijini." Ni kweli. Lakini siri ni za namna mbili. Kuna siri ya kazi: leo tunapita njia ipi, tunavizia wapi. Hiyo haina ubaya, na inakwisha asubuhi. Na kuna siri ya hukumu: nani kashtakiwa, kwa ushahidi gani, nani kaamua apigwe. Hiyo haikwishi asubuhi, na ndiyo inayogeuza walinzi kuwa watu wa kuogopwa. Watu wa Nehemia walisimama ukutani, wakaonekana na rafiki na adui. Linganisha na Matendo ya Mitume 23, ambapo watu zaidi ya arobaini walijifunga kwa kiapo kwamba hawatakula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Nao walijiona wanatetea jambo takatifu. Paulo aliokolewa na mtoto wa dada yake, kijana aliyesikia siri hiyo akaipeleka kwa jemadari. Kama angeona kwamba kutunza siri ya wakubwa ni wajibu kuliko uhai wa mtu, mjomba wake angekufa.

Tatu, kiapo. Kiapo kinachokubaliwa na Ungamo letu hutolewa mbele ya mamlaka inayoweza kuulizwa. Kiapo cha gizani humtaka mtu atoe dhamiri yake leo kwa amri atakayoisikia kesho. Na dawa inayofuatana nacho inagusa amri ya kwanza, kwa maana inahamisha tumaini. Wairaqw tunao urithi ulio bora kuliko huo. Slufay, sala ya wazee wetu, husemwa kwa sauti na waliopo wote huitikia. Baraka inayoombwa hadharani hivyo hufungamanisha watu bila kumtisha mtu.

Na aliyekwisha kuapa je? Herode alitunza kiapo chake kwa ajili ya wageni wake, na kichwa cha Yohana kikaletwa katika sinia. Walawi sura ya 5 inamfundisha mtu aliyeapa bila kufikiri aungame na kufanyiwa upatanisho. Kiapo cha kutenda uovu hakidai kutimizwa, kinadai toba. Mlango wa mchungaji uko wazi kwa ndugu wa namna hiyo, na anayosema katika ungamo hayatangazwi.

Basi jibu langu kwa kijana yule ni hili. Nenda ukalinde. Orodha ya walinzi ijulikane kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji. Aliyekamatwa apelekwe polisi akiwa mzima, na kilichoamuliwa kiweze kusemwa mchana mbele ya mkutano wa kijiji. Ukitakiwa kuapa zaidi ya hapo, kataa kwa adabu.

Najua kukataa kuna gharama. Huenda usialikwe, shamba lako lisipate wa kulivuna, na msiba wako ukose watu. Hapo shauri linatoka kwa kijana na kutua kwetu. Usharika unaomfundisha mtu akatae kiapo cha giza lazima uwe tayari kuvuna shamba lake, kuchimba kaburi la baba yake, na kukaa benchi moja na mama mzee ambaye wengine wanamkwepa. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumemtwika kijana mzigo ambao sisi wenyewe hatutaki kuugusa hata kwa kidole.